Yatima wa Bobangui Aliyejitia Taji

Husikika mara kwa mara majumbani mwetu, hasa wakati bei ya unga inapopanda au kesi ya mwizi inapoahirishwa tena na tena, maneno ya namna hii: kwamba nchi zetu za Afrika zingenyooka laiti zingepata mwanajeshi mmoja mkali wa kuzishika. Asemaye hivyo si mtu mbaya. Mara nyingi ni baba wa nyumba aliyechoka. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya watoto wanaomsikiliza wakati wa chakula, tumeona vema kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyeishika nchi yake hivyo kwa muda wa miaka 13 na zaidi, naye alianza kazi yake kwa kuwapiga vita wavivu na wezi. Huyo ni Jean-Bédel Bokassa wa Afrika ya Kati.

Nchi hiyo iko katikati kabisa ya bara letu, kaskazini ya mto Ubangi, ng'ambo ya Kongo. Zamani za Wafaransa iliitwa Ubangi-Shari. Haina bahari, bali ina misitu mikubwa upande wa kusini, na mbuga upande wa kaskazini, na almasi ardhini. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wafaransa waliwapa makampuni sehemu kubwa za nchi, na makampuni hayo yakawalazimisha wenyeji kuingia msituni kutafuta mpira. Kijiji kilichopungukiwa na mzigo kilikamatiwa watu wake, wakawekwa rehani mpaka mpira upatikane. Mwandishi Mfaransa André Gide alipita huko mwaka 1925 na 1926, na kitabu alichokitoa mwaka 1927 kiliwafanya watu wengi wa Ulaya waone haya.

Mwaka huo huo wa 1927, katika kijiji cha Bobangui, wilaya ya Lobaye, kiasi cha kilometa 80 kusini-magharibi ya mji wa Bangui, jumbe mmoja jina lake Mindogon Mgboundoulou alichoka kuwatoa watu wake. Akawafungua waliokuwa wameshikwa na kampuni, wakaenda zao. Basi akakamatwa, akatiwa minyororo, akapelekwa Mbaïki, na tarehe 13 Novemba akapigwa uwanjani mbele ya watu mpaka akafa. Juma moja baadaye mkewe naye akajiua kwa majonzi. Waliacha watoto 12. Mmoja wao, aliyezaliwa tarehe 22 Februari 1921, alikuwa na umri wa miaka sita. Ndiye Bokassa.

Tunamwomba msomaji asiyaruke maneno hayo upesi. Mtoto wa miaka sita alinyang'anywa baba na mama katika muda wa siku nane, na walioanzisha msiba huo walikuwa watu waliojiita walimu wa ustaarabu. Asiyeweza kumhurumia mtoto yule asijisumbue kusoma habari za mtu mzima. Lakini yafaa tukumbuke jambo jingine pia. Katika kijiji hicho hicho cha Bobangui, na katika ukoo huo huo, alizaliwa mtoto mwingine aliyefanywa yatima katika siku hizo za mpira, Barthélemy Boganda. Naye alilelewa na wamisionari, akasoma, na mwaka 1938 akawa padre wa kwanza mzalendo wa nchi ile. Baadaye aliacha upadre akaoa, jambo ambalo Kanisa lilisikitika kwalo. Lakini hata huko katika siasa hakuacha kuwatetea wanyonge. Alikwenda Paris kama mbunge akapiga kelele juu ya kazi za kulazimishwa, na watu wake wakampenda mpaka siku alipokufa kwa ajali ya ndege, tarehe 29 Machi 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Kijiji kimoja, ukoo mmoja, jeraha moja. Basi wasemao kwamba machozi ya utoto ndiyo yaliyomfanya Bokassa kuwa vile alivyokuwa, wamesema nusu tu ya habari.

Babu yake alimpeleka shule ya misioni pale Mbaïki. Alikuwa mfupi, mwenye nguvu, na wenzake walimcheka kwa uyatima wake. Alipenda sana kitabu kimoja cha sarufi ya Kifaransa ambacho mtungaji wake aliitwa Jean Bédel, na walimu wakampa yeye jina hilo. Alipokwenda kusoma Bangui, mapadre walitumaini atakuwa padre. Wakaona baada ya muda kwamba hana wito huo. Sisi tuliopita seminari kuu twajua kwamba kuambiwa hivyo si aibu, na wengi walioambiwa hivyo wamekuwa baba wema wa familia na walimu hodari. Alipelekwa Brazzaville, akajifunza upishi. Mwezi wa Mei 1939, akiwa na miaka 18, akajiandikisha katika jeshi la Wafaransa.

Katika jeshi alipata nyumba. Hatuna budi kukubali kwamba alikuwa askari shujaa. Alikuwa upande wa Wafaransa Huru wa Jenerali de Gaulle, alishuka pwani ya kusini ya Ufaransa mwezi wa Agosti 1944, akapigana mpaka Ujerumani. Mwaka 1950 alipelekwa Indochina, akarudi na nishani za heshima kifuani. Alipanda kutoka askari wa kawaida mpaka kapteni. De Gaulle alimpenda kupita kiasi, akamwita baba hata mbele za watu, ijapokuwa mwenyewe de Gaulle hakufurahishwa nalo. Jeshi lile lile la taifa lililomwua baba yake likampa baba mwingine.

Nchi ilipata uhuru tarehe 13 Agosti 1960, na rais wa kwanza akawa David Dacko, mwalimu wa shule, naye pia ni wa ukoo wa Boganda na Bokassa. Dacko alimwita ndugu yake aje kuunda jeshi la taifa, jeshi la askari kama 500 tu. Bokassa alipenda kuvaa nishani zake zote na kukaa karibu na rais katika kila sherehe, na Dacko aliwaambia wageni wake kwa mzaha kwamba mtu huyo hana akili ya kupindua serikali. Usiku wa mwisho wa mwaka 1965, watu walipokuwa wakiungoja mwaka mpya, Bokassa alimwalika mkuu wa polisi wa kijeshi, Jean Izamo, kambini kwake kama kwa shughuli ya ofisi, akamfungia chini ya nyumba. Askari wakaushika mji. Dacko alikamatwa njiani. Bokassa akamkumbatia, kisha akamweka kizuizini. Asubuhi redio ikatangaza kwamba nchi ina mkuu mpya. Siku chache baadaye katiba ikafutwa.

Na sasa tufike mahali ambapo yule baba wa nyumba atatikisa kichwa kukubali. Amri za kwanza za Bokassa zilikuwa hizi: kila mtu mwenye miaka 18 mpaka 55 aonyeshe kwamba ana kazi, la sivyo atatozwa faini au kufungwa. Ngoma zisipigwe mchana wa siku za kazi. Ndoa za wake wengi zikomeshwe, na mahari, na kukeketa wasichana. Kikosi maalumu kikawekwa cha kuchunguza vilabu na nyumba za dansi. Bangui ukapata mabasi ya abiria, na mwaka 1969 ukapata chuo kikuu, kikapewa jina lake. Wakristo wengi walifurahi kusikia amri kama hizo, na hata sisi, kama tungaliishi Bangui mwaka 1966, labda tungaliandika maneno ya sifa katika ukurasa huu.

Amri zilikuwa nzuri kwa kusikia, lakini mwenye kuzitoa hakuwa chini ya amri yoyote. Aliyekomesha ndoa za wake wengi alikuwa na wake wapatao 17 katika maisha yake, na watoto wapatao 50. Mwenzake katika mapinduzi, Alexandre Banza, mtu hodari wa hesabu aliyemwonya juu ya matumizi ya fedha, aliuawa mwezi wa Aprili 1969. Mawaziri walibadilishwa kama mtu abadilishavyo shati, na wizara nyingi alizishika mwenyewe. Mwaka 1972 akajifanya rais wa maisha, na mwaka 1974 akajipa cheo cha juu kabisa cha kijeshi.

Katika mwaka huo wa 1972 ilitoka amri kwamba mwizi akatwe sikio, na akirudia sikio la pili, na akirudia tena mkono. Mwishoni mwa Julai mkuu wa nchi alikwenda mwenyewe katika gereza la Ngaragba pamoja na askari wake, na wafungwa wa wizi wakapigwa kwa marungu mbele yake. Wengine walikufa. Kesho yake maiti na majeruhi waliwekwa pamoja kiwanjani katikati ya mji, juani, ili watu wawatazame. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kurt Waldheim, alipolalamika, alijibiwa kwa matusi. Wapo raia wa Bangui waliokwenda kutazama na kusema kwamba wezi wamepata haki yao. Walisahau, au hawakujua, kwamba baba wa mpigaji alipigwa vivyo hivyo, katika uwanja wa vivyo hivyo, mbele ya macho ya vivyo hivyo, kwa amri ya wakubwa waliodai kulinda utaratibu.

Hatutaki kuficha kwamba mtu huyu aliweza kupenda. Alipokuwa Indochina alimwoa msichana wa huko, akaondoka akimwacha na mtoto wa kike jina lake Martine. Alipokuwa rais aliagiza atafutwe. Akaletwa msichana mmoja, akapokewa kwa shangwe. Kisha ikagunduliwa kwamba siye, na Martine wa kweli akapatikana. Bokassa hakumfukuza yule wa kwanza. Alimfanya mwanawe, na mwaka 1973 akawaoza wote wawili siku moja kwa karamu kubwa. Lakini mume wa yule wa kwanza, ofisa Fidèle Obrou, alikuwa miongoni mwa waliojaribu kumwua Bokassa kwa bomu la mkono kiwanjani pa ndege mwezi wa Februari 1976. Bomu halikulipuka. Obrou aliuawa pamoja na wenzake.

Yaliyofuata wengi wameyasikia, kwa kuwa dunia nzima iliyacheka. Mwezi wa Oktoba 1976 Kanali Gaddafi wa Libya alikuja Bangui, na Bokassa akasilimu, akajiita Salah Eddine Ahmed, akitumaini fedha za Libya. Haikupita hata miezi mitatu akarudi katika Ukatoliki, kwa sababu alitaka sherehe ya kanisani. Tarehe 4 Desemba 1976 alitangaza kwamba nchi si jamhuri tena bali ni dola ya kaisari, na mwaka mmoja baadaye, tarehe 4 Desemba 1977, akatiwa taji. Tuseme kweli, alijitia mwenyewe kwa mikono yake, kama Napoleon alivyofanya mwaka 1804. Kiti cha enzi kilifanywa kwa umbo la tai mkubwa mwenye mabawa yaliyotandazwa. Taji lilijaa almasi. Farasi walitoka Ufaransa, na gari la kukokotwa nao pia, na mvinyo, na nguo. Mkewe Catherine akawa kaisari wa kike, na mtoto wao wa miaka minne, katika sare nyeupe, akawa mrithi. Gharama inayotajwa mara nyingi ni dola za Marekani milioni 20, katika nchi ambayo bajeti yake ya mwaka mzima haikufika mara chache ya hizo. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka Ufaransa.

Na Kanisa je? Swali hili halifai kuruka katika gazeti la Kikatoliki. Bokassa alitamani Baba Mtakatifu Paulo wa Sita afike, kama Papa Pius wa Saba alivyofika kwa Napoleon. Baba Mtakatifu hakukubali. Alituma mjumbe tu. Kaisari alijitia taji katika jumba la michezo, kisha akaenda na gari lake la farasi mpaka kanisa kuu la Notre-Dame, na huko Misa ikaadhimishwa. Twajua kwamba mapadre wa mji ule waliishi karibu na gereza la Ngaragba, na kwamba ni rahisi kuwa shujaa ukiwa mbali. Hata hivyo twaona haikuwa siku ya fahari kwetu.

Basi tuje kwa watoto. Kila mzazi asomaye maneno haya anajua maana ya mwezi wa Januari: karo, madaftari, viatu, sare. Serikali ya Bokassa iliamuru wanafunzi wavae sare mpya, na sare hizo zilishonwa na kuuzwa na biashara za jamaa ya kaisari. Bei ilikuwa kubwa. Wakati huo watumishi wengi wa serikali walikuwa hawajalipwa mishahara yao kwa miezi. Mzazi aliyenyimwa mshahara na serikali alitakiwa kununua nguo kwa mkuu wa serikali hiyo hiyo. Mwezi wa Januari 1979 wanafunzi wa Bangui waliandamana, maduka yakavunjwa, na askari wakapiga risasi. Askari wengine waliletwa kutoka Zaire, kwa Mobutu, kusaidia kuzima ghasia.

Mwezi wa Aprili fujo zikaanza tena. Askari walipita katika mitaa ya watu maskini wakikamata vijana na watoto, wakawajaza ndani ya malori na kuwapeleka Ngaragba. Humo walishindiliwa katika vyumba vidogo, wengi mno kwa chumba kimoja, katika joto la Bangui. Wengine walikufa kwa kukosa hewa, wengine kwa kupigwa. Mwezi wa Mei shirika la Amnesty International liliitangazia dunia habari hizo. Balozi wa Bokassa huko Paris, Sylvestre Bangui, alijiuzulu. Wakuu wa nchi za Kiafrika waliokutana na Wafaransa mjini Kigali mwezi huo walituma mahakimu kutoka nchi tano: Senegal, Ivory Coast, Liberia, Togo na Rwanda. Mahakimu hao walisikiliza mashahidi, na mwezi wa Agosti wakatoa taarifa kwamba watoto wapatao 100 waliuawa, na kwamba karibu ni hakika Bokassa mwenyewe alishiriki.

Watu wazima walikuwa wamekwisha kupotea katika gereza lile kwa miaka mingi, mawaziri, maofisa, wezi, na dunia ilinyamaza. Ilisema ilipowaona watoto.

Mwaka 1979 ulikuwa mwaka mchungu kwa watawala wa namna hii. Mwezi wa Aprili Idi Amin alikimbia Uganda mbele ya majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa uhamishoni. Mwezi wa Agosti Macías Nguema alipinduliwa Guinea ya Ikweta. Zamu ya Bokassa ilikuja usiku wa tarehe 20 Septemba, alipokuwa Libya kutafuta msaada. Ndege za Wafaransa zilitua Bangui pamoja na askari, na ndani yake alikuwamo David Dacko, yule yule wa mwaka 1965. Hakuna aliyepigana kumtetea kaisari. Watu walishangilia njiani na kuivunja sanamu yake. Lakini waliomwangusha ndio waliolipia taji lake, na mwezi wa Oktoba gazeti moja la Paris likaeleza habari za almasi alizozipokea kwake Giscard d'Estaing, aliyekuwa Rais wa Ufaransa. Mambo hayo yalimdhuru Giscard sana, na mwaka 1981 akashindwa katika uchaguzi.

Bokassa aliruka na ndege yake mpaka Ufaransa, akakataliwa kuingia, akapokewa Abidjan na Rais Houphouët-Boigny. Alikaa huko miaka minne, kisha katika jumba lake karibu na Paris, fedha zikipungua. Mahakama ya Bangui ilimhukumu kufa mwaka 1980 bila yeye kuwapo. Pamoja na hayo, mwezi wa Oktoba 1986 alipanda ndege ya abiria na jamaa yake akarudi nyumbani, akidhani watu watamlaki. Walimlaki polisi.

Kesi yake twaiheshimu kuliko sherehe zake zote. Ilisikilizwa hadharani, redio ikaitangaza, naye akapewa mawakili wa kumtetea. Mashahidi walisimama mbele yake wakasema waliyoyaona, na miongoni mwao walikuwamo waliotoka hai Ngaragba. Alishtakiwa hata kula nyama ya watu. Shtaka hilo mahakama ililitupa. Magazeti ya Ulaya yalilipenda mno, na mpaka leo wako wasiojua juu ya Bokassa lingine ila hilo. Sisi tusilirudie, maana aliyemsingizia mwovu uovu asioutenda huwapunguzia waliouawa kweli. Tarehe 12 Juni 1987 alihukumiwa kufa kwa mauaji. Rais Kolingba, naye mwanajeshi, alibadili hukumu kuwa kifungo cha maisha mwaka 1988, na mwaka 1993 akamfungua kwa msamaha wa jumla.

Alitoka gerezani mzee. Alionekana Bangui amevaa kanzu nyeupe na msalaba kifuani, akisema yeye ni mtume wa 13. Alikufa kwa maradhi ya moyo tarehe 3 Novemba 1996, umri wake miaka 75.

Mwaka 2010 Rais Bozizé, aliyekuwa ofisa katika jeshi la Bokassa, alimrudishia marehemu heshima zake zote kwa amri ya serikali. Miaka mitatu baadaye Bozizé naye alipinduliwa, na nchi ikaingia katika vita iliyowafukuza watu wengi mno makwao. Katika mateso hayo wako wazee wa Bangui wanaokumbuka kwamba zamani za kaisari mabasi yalipita na mtu alilala bila kusikia bunduki. Twawaelewa, kwa maana mwenye njaa huikumbuka hata pishi iliyopunjwa. Lakini katika mitaa ile ile wako akina mama waliokwenda kwenye lango la Ngaragba mwezi wa Aprili 1979 kuuliza habari za watoto wao.

Bokassa alizikwa Berengo, katika ua wa jumba lake la kifalme. Jumba liliharibika, na tangu mwaka 2018 Warusi waliletwa hapo kufundisha askari. Lipo kando ya njia itokayo Bangui kwenda Mbaïki. Mwenye kuifuata njia hiyo mpaka mwisho hufika katika mji ule ambako jumbe wa Bobangui alipigwa mbele ya watu.